“Usione wembamba wa reli”: ni sifa au ni kejeli?

Swali la msomaji, kwa ufupi: “Baba yetu alipofariki, mimi ndiye niliyesimamia msiba tangu siku ya kwanza hadi wageni wa mwisho walipoondoka. Ni kitinda mimba na mwili wangu ni mdogo. Tangu utotoni nimeitwa njiti. Siku ya kuanua tanga, baba mdogo alisimama mbele ya ukoo mzima, akanitazama, akasema: ‘Usione wembamba wa reli, treni inapita.’ Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka. Nilifurahi, lakini papo hapo kuna kitu kilinichoma. Na tangu siku hiyo kila shughuli ya ukoo naitwa mimi. Msemo huu maana yake hasa ni nini? Ni sifa au ni kejeli? Una tofauti gani na ule wa simba aliyenyeshewa? Na je, naweza kumwambia mama yangu, ambaye naye ni mwembamba na amebeba mengi?”

Dada yangu, kwanza pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kusimamia msiba wa baba yako mwenyewe ni kazi inayomnyima mtu hata nafasi ya kulia, na huenda ndiyo maana maneno ya baba mdogo yamekukaa moyoni kiasi hiki.

Jibu fupi ni kwamba ulisifiwa, tena sifa kubwa. Msemo huu huambiwa watu kuhusu mtu, au kitu, ambacho kwa kukitazama tu ungedhani hakiwezi, kumbe kinaweza, na tena kinafanya kazi ambayo wenye maumbo makubwa wangeikimbia. Lakini hata ule mchomo ulioupata haukuwa wa bure. Msemo wenyewe umejengwa juu ya kasoro: ili ukusifu, lazima kwanza ukutaje kwa wembamba wako. Asiyewahi kuitwa njiti hawezi kuisikia nusu ile ya kwanza kama ulivyoisikia wewe.

Tuanze na neno la kwanza, maana ndilo linaloupa msemo nguvu. “Usione” hapa hakukatazi kuona. Hakuna anayemwambia mwenzake afumbe macho. Ni usione ukaishia hapo, usione ukahukumu. Tunalitumia hivyo hata nje ya methali: mtu akikwambia “usimwone hivi hivi” kuhusu jirani mpole, hujakatazwa kumtazama jirani, umeonywa kwamba unachokiona si habari yote. Wapo wanaosema “usidharau wembamba wa reli”, na maana haipotei, ila mimi nauona umepungua ladha. “Usidharau” inamtuhumu msikilizaji moja kwa moja, kwamba amekwisha kudharau. “Usione” inamwonya kabla hajakosea.

Neno la pili ni wembamba, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo penye faraja yako. Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kumsema mtu asiye na mwili. Kuna udhaifu, unyonge, udhoofu, kukonda, udogo. Msemo haukuchukua hata moja kati ya hayo. Umechukua wembamba, ambao ni kipimo tu. Uzi huwa mwembamba, njia huwa nyembamba, hata sauti huwa nyembamba, na katika hayo yote hujasema neno lolote kuhusu nguvu. Kukonda ni habari ya jambo lililompata mtu: aliugua, alikosa chakula, alijawa na mawazo. Wembamba ni namna alivyo. Kwa hiyo baba mdogo hakusema wewe ni dhaifu uliyejikakamua. Alisema umbo lako ni hilo, na kwa umbo hilohilo umebeba.

Nusu ya pili ni fupi mno: treni inapita. Hakuna “lakini”, hakuna “hata hivyo”, hakuna hata “juu yake”. Vipande viwili vimewekwa ubavu kwa ubavu na msikilizaji anaachiwa aviunganishe mwenyewe. Wazee wengi husema “garimoshi hupita” au “gari la moshi hupita”, kwa hu- ya mazoea ambayo methali zetu huipenda. Vijana husema “treni inapita”. Zote ni sawa. Ila mimi naipenda hiyo -na- ya baba mdogo, kwa sababu inaonyesha jambo linalotendeka wakati tunazungumza. Sentensi haisemi “treni itapita”, wala “ingeweza kupita”. Ushahidi uko mbele ya macho, mabehewa yanakwenda. Shika neno hili, nitalirudia tukifika kwa simba.

Mara nyingi nimewaambia wanafunzi wangu waende wakaitazame reli yenyewe kabla ya kuandika insha juu ya msemo huu, kwa sababu wengi wanaueleza kana kwamba reli ni kitu dhaifu chenye bahati. Sivyo. Chukua reli nzito za siku hizi, zile ambazo mafundi huzitaja kwa uzito wake, kilo 60 kwa kila mita. Ukisimama juu yake na kuinamisha macho, unaona utepe wa chuma usiozidi upana wa vidole vinne: kichwa chake kina milimita 72 hivi. Na gurudumu haliugusi utepe huo wote. Sehemu wanayogusana chuma na chuma ni kama ukubwa wa ukucha. Hapo ndipo panapopita sehemu ya uzito wa kichwa cha treni ambacho chenyewe kinaweza kuzidi tani 100, na nyuma yake mabehewa.

Sasa piga goti uitazame kwa ubavu. Kumbe ina kimo cha milimita 172, na chini ina kitako kipana cha milimita 150. Katikati, kati ya kichwa na kitako, kuna shingo nyembamba kuliko sehemu zote, milimita 16 na nusu tu. Haikufanywa hivyo kwa ubahili wa chuma. Reli ikibebeshwa mzigo kati ya taruma na taruma, yale magogo yanayolazwa kukingama chini yake, hutaka kupinda: upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa, na katikati hapaumii sana. Basi waliobuni umbo hilo walipeleka chuma kingi juu na chini, mahali penye taabu, wakakipunguza katikati. Wembamba wa reli umekusudiwa, na ni sehemu ya uimara wake. Mtu anayeitazama kwa juu tu ndiye anayedanganyika, na wengi wetu reli huwa tunaitazama kwa juu, tunapoivuka.

Nilisoma shule iliyokuwa jirani na reli, na sisi watoto tulikuwa na mchezo ambao sitamshauri mtoto yeyote aucheze: kuweka sikio juu ya chuma. Treni hujaiona, hujaisikia hewani, lakini reli imekwisha kuanza kuimba. Ndivyo nilivyoujua msemo huu kabla sijafundishwa maana yake.

Msemo wenyewe bado ni kijana. Methali nyingi tulizorithi zimezaliwa baharini, shambani na porini. Zina jahazi, jembe, simba na mwiba. Huu hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko reli, na reli huku bara ilianza kutandikwa Tanga mwaka 1893, Mombasa mwaka 1896 hadi ikafika Kisumu mwaka 1901, kisha kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi Kigoma mwaka 1914. Watu waliozoea kuona mizigo ikibebwa mabegani kutoka bara hadi pwani, miezi na miezi njiani, waliona vyuma viwili vyembamba vimelazwa chini na jumba zima la chuma likipita juu yake bila vyuma hivyo kuzama ardhini. Mshangao huo bado umo ndani ya msemo. Ndiyo sababu hata leo, ambapo tumezoea treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, hakuna aliyeona haja ya kutafuta mfano mwingine.

Tuje kwa simba. Ule msemo unasemwa kwa namna nyingi, na ninayoisikia zaidi ni hii: “Ukimwona simba kanyeshewa, usidhani ni paka.” Watu huuweka chungu kimoja na wa reli, na kweli yote miwili inaonya kuhusu kupima kwa macho. Lakini ukiitumia moja mahali pa mwingine, mwenye sikio la lugha atashtuka.

Simba aliyenyeshewa ana nguvu inayojulikana. Manyoya yamelowa, yamemshika mwilini, anaonekana mdogo. Mvua ikikatika na jua likitoka atarudi kuwa simba. Kilichomsibu ni cha muda, na ndiyo maana msemo unasema “kanyeshewa”, jambo lililompata. Unamfaa tajiri aliyefilisika kidogo, bingwa aliyetoka majeruhi, kiongozi aliyewekwa kando. Na ndani yake mna tishio: subiri akauke. Reli haina siku ya kukauka. Jana ilikuwa nyembamba, leo ni nyembamba na kesho itakuwa nyembamba, na kazi inafanyika vivyo hivyo. Wala haimtishi mtu. Reli haimrukii yeyote.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye ile “inapita”. Pitia misemo yetu mingine ya nguvu iliyofichika uone inakoelekea. “Kimya kingi kina mshindo mkuu”: ngoja, utausikia huo mshindo. “Simba mwenda pole ndiye mla nyama”: ngoja, atakula. “Ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria”: ngoja, atainua kichwa. “Mdharau mwiba, mguu huota tende”: ngoja, utajuta. Yote inakungojesha, na mwisho wake kuna anayeumia au anayeshindwa. Nguvu ya reli haingojewi, na haina wa kumshinda. Nguvu yake ni ya kubeba. Kwa maoni yangu ndio msemo wa upole kuliko yote katika kundi hilo, na baba mdogo, kama alikuwa na misemo hiyo yote mdomoni, alikuchagulia ulio bora. Angeweza kusema simba kanyeshewa, ukoo ungemwelewa, lakini angekuwa amesema kwamba msiba umekuangusha na kwamba iko siku utawaonyesha watu. Hakusema hivyo. Alisema mlikuwa mnamwangalia huyu mdogo, na siku zote hizi nyote mmepita juu yake.

Wapo pia wanaouchanganya na nahau ya “kufa na tai shingoni”. Huo ni upande wa pili kabisa: mtu hali yake imeharibika, lakini anajitahidi aonekane mzima. Mwenye tai ana kidogo kuliko kinachoonekana, reli ina kingi kuliko kinachoonekana.

Sasa wale waliocheka. Sikuwapo, lakini nimesikia msemo huu ukisemwa hadharani mara nyingi, na kicheko huja karibu kila mara, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kicheko cha kukubali: msemo unapomkaa mtu sawasawa kama nguo iliyokatwa na fundi, watu hucheka kwa kufurahia ulivyolenga. Ya pili, na si vyema nikufiche, ni kwamba mitaani msemo huu hutumika pia katika utani wa mapenzi, mwembamba anapojitetea mbele ya wanaopenda maumbo makubwa. Huenda kuna shemeji au mjukuu aliyekumbuka matumizi hayo akashindwa kujizuia. Haimhusu baba mdogo. Ili neno liwe kejeli, tazama nani anasema, wapi, na ametanguliza nini. Babu angekuambia hivyo barazani, ungekuwa utani. Wifi angekuambia jikoni huku akikutazama kuanzia juu hadi chini, ungekuwa na haki ya kukunja uso. Baba mdogo anasimama mahali pa baba yako. Kusimama mbele ya ukoo siku ya kuanua tanga na kumtaja kitinda mimba kabla ya kaka na dada zake wakubwa ni jambo zito, na halifanywi kwa mzaha.

Hata hivyo liko jambo moja katika barua yako lililonisumbua kuliko maana ya maneno. Umeandika kwamba tangu siku ile kila shughuli unaitwa wewe. Huo ndio upande wa sifa hii ambao watu hawautazami. Mtu akishaitwa reli, treni nyingine inapangwa ipite. Na mwembamba anayesifiwa kwa kubeba huona aibu kusema amechoka, kwa sababu kusema hivyo ni kama kuukanusha ule msemo mbele ya watu waliompigia makofi.

Basi rudi tena relini. Reli haibebi peke yake, wala haijawahi. Chini yake kuna mataruma, ya mbao, ya chuma au ya zege, yanayopokea uzito na kuutawanya, tena yanazishika reli mbili zisiachane. Chini ya mataruma kuna kokoto zinazozuia yasicheze na kuruhusu maji ya mvua yapite. Chini ya kokoto kuna tuta lililoshindiliwa. Ondoa kokoto mita chache tu, uache mvua iongee na udongo, uone kama treni itapita. Jua nalo likiwa kali mno chuma hutanuka, na reli isiyoshikwa vizuri hupinda ubavuni kama nyoka. Kuna watu ambao kazi yao ni kutembea njiani kuikagua, wakikaza, wakibadilisha. Yote hayo yamo ndani ya “treni inapita”, ingawa hayatajwi.

Kwa hiyo wakikuita tena, na ukiona mzigo umezidi, una jibu lililomo ndani ya maneno yao wenyewe. Sema kwa adabu, na ikibidi kwa tabasamu: “Baba, reli ipo, lakini mataruma yako wapi?” Mtu mzima anayejua Kiswahili atakuelewa mara moja, na hutakuwa umemvunjia heshima, umeupokea msemo wake na kuuendeleza, jambo ambalo wazee wetu hulipenda. Kisha taja majina: kaka fulani ashughulikie usafiri, dada fulani apokee wageni. Usiiache hoja ikielea hewani, maana watacheka tena na kazi itabaki mikononi mwako.

Kuhusu kujisemea mwenyewe, inaruhusiwa: “Usinione mwembamba.” Lakini katika kusanyiko la wakubwa msemo huu hupendeza zaidi ukisemwa na mwingine juu yako. Ukijisemea, huwa umejisifu kwa nusu ya pili na kuomba kutetewa kwa nusu ya kwanza, vyote kwa pamoja.

Na mama yako? Hapo nakuomba usiutumie, hata kama unamfaa kwa kila hali. Msemo huu hushuka na hutembea sambamba: mkubwa humwambia mdogo, rafiki humwambia rafiki, mwalimu humwambia mwanafunzi. Haupandi. Mtoto hautaji mwili wa mzazi wake mbele ya watu, hata kwa kuusifu, na mama aliyetoka kufiwa na mumewe ana sababu nyingine pia ya kutotaka wembamba wake utajwe, maana siku hizi huenda ni kukonda na si wembamba tena.

Ukitaka kumpa sifa mbele ya ndugu, nenda pwani badala ya relini: “Ukiona vyaelea, vimeundwa.” Hapo humtaji yeye wala umbo lake. Unawataja ninyi watoto, mnaosimama na kuendesha mambo, na kila aliyepo atageuka mwenyewe kumtazama aliyeviunda. Useme “vyaelea”, si “vinaelea”. Methali hii ina umbo lake la kale na masikio ya wazee hulitaka hilo.